Mita Tatu Ngumu: Historia ya Video Kutoka Simu Hadi TV

Julai 1969, mamilioni ya watu duniani walikaa mbele ya televisheni wakamwona Neil Armstrong akikanyaga mwezi. Picha zile zilisafiri kilomita takriban 384,000 bila waya. Sasa ruka miaka arobaini mbele. Mwaka 2009, kama ulikuwa na video kwenye kompyuta yako na unataka kuitazama kwenye TV iliyo mita tatu mbele ya kochi, njia ya uhakika ilikuwa kutafuta waya, au kuichoma kwenye diski.

Hebu tulifikirie hilo kidogo. Kutoka mwezini iliwezekana mwaka 1969. Kutoka kwenye kochi hadi ukutani ilikuwa bado ni shida mwaka 2009. Kulikuwa na nini hapo katikati?

Leo unabonyeza alama moja kwenye simu na video inaruka hadi kwenye TV. Tunasema "nimerusha", wengine wanasema "nimekasti", maisha yanaendelea. Lakini mita hizo tatu zilihitaji wanaanga waliokuwa wakitafuta mashimo meusi, mwalimu wa chuo aliyenyimwa pesa za utafiti, na vita vya makampuni vilivyochukua karibu miaka kumi. Na jinsi vita hivyo vilivyoisha inaugusa mfuko wako mpaka leo, hasa kama unanunua intaneti kwa bando. Twende taratibu.

Kwa nini mwezini ilikuwa rahisi kuliko sebuleni

Kwanza tuwe wakweli: picha ya mwezini haikuwa nzuri. Kamera ya Apollo 11 ilituma fremu 10 tu kwa sekunde, zenye mistari 320, nyeusi na nyeupe. Duniani ilipokelewa na mabakuli makubwa ya redio, likiwemo lile la Parkes nchini Australia lenye kipenyo cha mita 64. Kati ya mwezi na bakuli hakukuwa na ukuta, kabati wala jirani. Na masafa yale ya redio yalikuwa yametengwa. Hakuna mtu aliyeruhusiwa kuongea juu yake.

Sebuleni hali ni kinyume kabisa. Antena ya simu ni ndogo kuliko kidole. Wimbi linagonga ukuta, friji, mlango wa bati na watu waliokaa. Jirani naye ana ruta yake. Halafu siku hizi hatutaki fremu 10 za nyeusi na nyeupe, tunataka picha kali yenye rangi zote.

Kwa hiyo kulikuwa na maswali matatu. Tupite hewa ipi? Tufanyeje wimbi lisijikanyage lenyewe ndani ya nyumba? Na tuibane vipi video ili itoshe? Likaja na swali la nne ambalo wahandisi hawakulitarajia sana: nani atakubali kuongea na nani?

Masafa ya jikoni

Mawimbi ya redio ni kama viwanja vya mjini: karibu kila kimoja kina mwenyewe. Vituo vya redio, kampuni za simu, ndege na jeshi, kila mmoja ana kipande chake. Ukitangaza kwenye kipande cha mwenzio bila leseni, mamlaka itakufuata.

Lakini kuna vipande vichache ambavyo tangu mkutano wa kimataifa wa mwaka 1947 vilitengwa kwa ajili ya mashine za viwandani, kisayansi na kitabibu, yaani vifaa vinavyotumia mawimbi bila kutuma ujumbe wowote. Kimojawapo kiko karibu na gigahezi 2.4. Humo ndimo oveni ya maikrowevu inapopashia chakula. Watu wa mawasiliano walikiona kama jalala, maana nani anataka kuongea mahali ambapo kuna kelele za kupashia wali?

Mwaka 1985 tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ilifanya uamuzi ambao wakati huo haukuwashtua wengi. Ikisukumwa na mhandisi wake Michael Marcus, iliruhusu mtu yeyote kutuma ujumbe kwenye vipande hivyo bila leseni, ilimradi atumie nguvu isiyozidi wati moja na autawanye ujumbe wake kwenye masafa mapana ili asimsumbue mwingine. Ni kama halmashauri ingesema: kiwanja hiki hakina mwenyewe, kila mtu aweke meza yake, ila msizibane njia. Wi-Fi na Bluetooth zote zilikuja kuweka meza zao hapo.

Video nayo ilijaribu mapema. Miaka ya 1990 ziliuzwa Ulaya na Marekani jozi za visanduku: kimoja unakichomeka kwenye deki ya video sebuleni, kingine kwenye TV ya chumbani. Vilituma picha ya analogi kwenye gigahezi 2.4. Vilifanya kazi, mpaka mtu wa jikoni awashe maikrowevu. Hapo picha inajaa chenga.

Mwangwi ndani ya nyumba

Kiwango cha kwanza cha Wi-Fi kilitoka mwaka 1997 kikiwa na kasi ya megabiti 2 kwa sekunde. Mwaka 1999 kikaja kingine cha megabiti 11. Kwa barua pepe zilitosha. Kwa video, hapana.

Kikwazo kimoja kikubwa kilikuwa mwangwi. Ingia kwenye ukumbi mtupu uongee haraka haraka. Neno la kwanza linagonga ukuta na kurudi wakati uko kwenye neno la tatu, na msikilizaji haambulii kitu. Mawimbi ya redio ndani ya nyumba yanafanya hivyohivyo. Ukiongeza kasi ya kutuma, mwangwi wa biti ya jana unaikanyaga biti ya leo.

Msaada ulitoka mahali ambapo hakuna aliyetazamia. Miaka ya 1970 mwanaanga wa redio kutoka Australia, John O'Sullivan, alikuwa akitafuta ishara za mashimo meusi madogo yanayolipuka, jambo ambalo Stephen Hawking alikuwa ametabiri. Hakuyapata. Lakini katika kutafuta ishara dhaifu iliyovurugwa na safari yake angani, yeye na wenzake walijenga ujuzi wa hisabati ya kuvunja wimbi katika masafa yanayoliunda na kulisafisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, akiwa shirika la utafiti la CSIRO, timu yake ilitumia ujuzi huo kwenye tatizo la mwangwi ndani ya majengo. Hataza yao ya Marekani ilitolewa mwaka 1996.

Wazo lenyewe liko hivi. Badala ya mtu mmoja kuongea haraka sana, weka watu kadhaa, kila mmoja aongee polepole kwa sauti ya kimo chake. Kwa kuwa kila mmoja anaongea polepole, mwangwi unaisha kabla hajaanza neno linalofuata. Kwa kuwa wako wengi, kwa pamoja bado wanafikisha maneno mengi. Kiwango cha Wi-Fi cha megabiti 54 kilichotoka mwaka 1999 kinatumia "sauti" 52 za namna hiyo kwa wakati mmoja.

CSIRO hawakuwa peke yao waliokuwa na wazo la kugawa ujumbe kwenye sauti nyingi, na kampuni kadhaa za Marekani zilipinga hataza yao mahakamani. Mwisho wake zilikaa mezani, na CSIRO ikakusanya jumla ya zaidi ya dola milioni 430 za Australia. Si haba kwa utafiti ulioanza na mashimo meusi ambayo hayakuonekana!

Kuisimulia kanga kwa simu

Sasa tufanye hesabu. Picha ya HD kamili ina pikseli 1920 kwa 1080, yaani pikseli 2,073,600. Kila pikseli ichukue biti 24 za rangi. Zidisha kwa fremu 30 kila sekunde. Unapata takriban gigabiti 1.5 kwa sekunde. Wi-Fi ya megabiti 11 ingehitaji zaidi ya dakika mbili kutuma sekunde moja ya filamu.

Njia ya kutoka hapo ilianza mwaka 1972. Nasir Ahmed, mhandisi mzaliwa wa Bangalore nchini India aliyekuwa akifundisha Kansas State University, aliomba fedha kwa mfuko wa taifa wa sayansi wa Marekani ili achunguze njia mpya ya kubana picha kwa kutumia mawimbi ya kosaini. Ombi lake lilikataliwa. Wapitiaji waliona wazo ni jepesi mno. Ahmed akaamua kulifanyia kazi bila fedha hizo, pamoja na mwanafunzi wake wa uzamivu T. Natarajan na rafiki yake K. R. Rao. Januari 1974 wakachapisha makala ya kurasa chache tu.

Hisabati yake naweza kuieleza kwa kanga. Tuseme unampigia shangazi simu umweleze kanga uliyoiona dukani. Huanzi kumtajia uzi mmoja mmoja, "mwekundu, mwekundu, mwekundu, mweusi". Unamwambia: pindo jekundu lenye maua meusi, mji mweupe una nanasi katikati, jina limeandikwa chini. Kwa maneno kumi ameshaiona. Kilichobaki ni vinyuzi ambavyo hata hatavijali.

Njia ya Ahmed inafanya hivyo kwa picha. Inaikata katika vipande vidogo, mara nyingi vya pikseli 8 kwa 8, na kuuliza kila kipande: una mabadiliko ya polepole kiasi gani, na ya haraka kiasi gani? Sehemu kubwa ya picha za kawaida, kama anga, ukuta au shavu la mtu, ni mabadiliko ya polepole. Hayo unayatunza. Ya haraka na madogo, ambayo jicho haliyaoni vizuri, unayapunguza au kuyatupa. Kwenye video unaongeza ujanja mwingine: kama mtangazaji amekaa na ukuta nyuma yake haujabadilika, huutumi tena ukuta. Unatuma midomo tu.

JPEG ya picha za simu yako imesimama juu ya wazo hilo. MPEG nayo vilevile, na H.264, kiwango cha video kilichotoka mwaka 2003, kinatumia toleo lake lililorahisishwa. Kwa H.264, zile gigabiti 1.5 zinaweza kushuka hadi megabiti chache kwa sekunde, na mtu wa kawaida asione tofauti kubwa.

Vita vya sebuleni

Kwa hiyo kufikia miaka ya 2000 katikati, hewa ipo, mwangwi umedhibitiwa, video inabanika. Kwa nini basi mwaka 2009 bado tulikuwa tunatafuta waya?

Kwa sababu kila mtu alitaka waya wa hewani uwe wake.

Mwaka 2003 kampuni kubwa, zikiwemo Sony na Intel, ziliunda umoja uliokuja kuitwa DLNA, ili kompyuta, TV na simu za kampuni tofauti ziweze kupashana picha na video nyumbani. Wazo zuri. Shida ni kwamba vifaa viliweza kuonana lakini visielewane: TV inaliona faili, inaorodhesha jina lake, halafu inasema aina hii ya video siijui.

Kundi jingine likasema tusibane kabisa, tutume video nzima ikiwa mbichi. Kiwango cha WirelessHD, kilichotoka mwaka 2008, kilitumia masafa ya gigahezi 60, ambako kuna nafasi tele. Tatizo ni fizikia. Wimbi la gigahezi 2.4 lina urefu wa sentimita 12.5, la gigahezi 60 lina milimita 5. Wimbi fupi hivyo halipiti ukuta, na hata mtu akisimama katikati kwenda kuchukua maji linaweza kukatika. Kundi la tatu, WHDI, likatumia gigahezi 5. La nne, WiGig, likarudi gigahezi 60. Mnunuzi angejuaje achukue kipi? Wengi hawakuchukua chochote.

Kisha mwaka 2010 Intel ikaleta WiDi kwa kompyuta zenye chipu zake, na Apple ikaleta AirPlay kwa vifaa vyake. AirPlay ilifanya kazi vizuri, kwa sharti kwamba ukae ndani ya uzio wa Apple. Mwaka 2012 umoja wa Wi-Fi ukajibu kwa Miracast, kiwango cha kampuni zote. Simu na TV zinaunganishwa moja kwa moja, bila ruta na bila intaneti. Simu inachukua kinachoonekana kwenye kioo chake, inakibana kwa H.264 papo hapo, inakituma, TV inakifungua.

Lakini kulikuwa na kufuli pia. Wenye filamu waliogopa kwamba video ikishakuwa hewani itaibwa, hivyo vifaa vilitakiwa kutumia mfumo wa kufunga picha ulioanzia Intel, HDCP. Kifaa kimoja kisipokubaliana na funguo za kingine, unapata kioo cheusi. Ongeza betri inayoisha haraka, simu ikipata moto kwa kubana video, na picha kuchelewa nyuma ya kidole chako. Watu wakajaribu mara mbili, wakaacha.

Ujanja wa dola 35

Julai 2013 Google ikatoa Chromecast, kidude kidogo cha kuchomeka nyuma ya TV, kwa dola 35. Watu wengi walidhani kinafanya kazi ile ile ya Miracast, ila vizuri zaidi. Sivyo.

Ukiwa YouTube na ukabonyeza alama ya kurusha, simu haitumi video. Inatuma ujumbe mfupi wenye maana hii: "Nenda kachukue video namba fulani, anzia dakika ya tatu." Kile kidude kinakwenda chenyewe kwenye intaneti na kuleta video kutoka seva za YouTube. Simu imegeuka kuwa rimoti. Unaweza kuzima kioo chake, ukapokea simu, hata ukatoka nje, na filamu ikaendelea. Wazo hili lilitokana na itifaki ambayo Netflix na YouTube walikuwa wameianzisha kabla.

Ukiangalia kwa makini, zile mita tatu ngumu hazikushindwa, zilizungukwa. Badala ya video kuvuka sebule, inatoka kwenye seva pengine maelfu ya kilomita mbali, na kinachovuka sebule ni maneno machache. Chromecast ikaenea, na leo TV nyingi za kisasa zina ufundi huo ndani yake. WiDi ikasimamishwa 2016. DLNA ikavunjwa 2017.

Ushindi wa nani?

Hapa ndipo historia hii inapoingia nyumbani kwetu. Ujanja wa Chromecast umejengwa juu ya dhana moja: kwamba nyumba ina intaneti ya kudumu, isiyohesabiwa, iliyo wazi saa zote. Huko ulikobuniwa dhana hiyo ni ya kawaida. Kwa mtu wa Tandika au Kayole anayenunua bando la siku, si ya kawaida hata kidogo. Filamu iko tayari kwenye simu yake, pengine alirushiwa na rafiki kwa Xender bila kutumia hata megabaiti moja ya bando. TV iko mita tatu. Kwa fizikia, hakuna sababu ya intaneti kuhusika. Lakini njia iliyoshinda sokoni inataka kwanza utoke nje ya nyumba, ulipe, ndipo urudi.

Na si bando tu. Kifaa kinachotegemea seva ya mbali kinaishi kadiri mwenye seva anavyotaka. Slingbox, kisanduku cha mwaka 2005 kilichokuruhusu kutazama TV ya nyumbani kwako ukiwa safarini, kilikuwa kizima kabisa tarehe 9 Novemba 2022, siku ambayo kampuni ilizima seva zake. Kesho yake kilikuwa pambo. Machi 2025 Chromecast za toleo la pili, za mwaka 2015, ziligoma ghafla duniani kote. Hakuna kilichoungua. Cheti cha kidijitali cha miaka kumi kilichotumika kuthibitisha kwamba kifaa ni halali kilikuwa kimeisha muda wake. Google ilirekebisha baada ya siku kadhaa, lakini katika siku hizo simu na TV zilizokuwa chumba kimoja zilishindwa kuongea kwa sababu ya karatasi iliyokwisha muda mahali pengine kabisa.

Sisemi Chromecast ni mbaya. Ni uhandisi wa akili sana, na kwa mwenye intaneti ya uhakika hutoa picha nzuri kuliko Miracast. Ninachosema ni kwamba "kurusha" ni jina moja la vitu viwili tofauti, na muuzaji dukani mara nyingi hatakwambia ni kipi.

Njia ya kuvitofautisha ni rahisi. Rusha video, halafu zima simu kabisa. Video ikiendelea, TV inavuta kutoka intaneti na simu ilikuwa rimoti tu. Ikikatika, video ilikuwa inatoka kwenye simu yako. Kabla ya kulipia TV mpya, mwombe muuzaji azime intaneti ya dukani na ujaribu kuonyesha kioo cha simu yako juu yake. Kwenye menyu kitu hicho kinaweza kuitwa Miracast, Screen Share, Smart View au jina jingine kutegemea kampuni. Kama kipo na kinafanya kazi, basi filamu iliyo kwenye simu yako itaweza kufika ukutani hata siku bando limeisha.

Kama umejaribu hilo jaribio la kuzima simu, tuandikie hapo chini TV yako ilifanya nini. Makala ijayo tutaangalia kwa nini sauti hutangulia midomo pale unaporusha video kwa Miracast na kusikiliza kwa spika ya Bluetooth.